Amplifaya imepandisha ishara dB 28, mbona kelele nayo imepanda?

*"Mtaalamu, naomba msaada. Ninasoma rezoneta (saketi inayotetemeka kwa masafa yake maalumu) ya kyubiti, yaani biti ya kompyuta ya kwanta, kwenye masafa ya GHz 6.000. Ishara ni dhaifu mno. Nilikuwa nikitumia HEMT (amplifaya ya transista) peke yake kwenye kelvini 4, na ilinibidi nichukue wastani wa maelfu ya vipimo ndipo nione kitu. Sasa tumefunga amplifaya ya parametriki ya Josephson (JPA) yenye SQUID (kitanzi cha superkondakta), na tunaipampu, yaani tunaipa nishati, kwa flaksi ya sumaku inayotikiswa kwenye GHz 12.006. Nikiwasha pampu, ishara inapanda dB 28 (desibeli: kila dB 10 ni mara kumi). Nilifurahi sana, kumbe sakafu ya kelele nayo imepanda dB 24. Isitoshe, ukuzaji hautulii: mara dB 25, mara dB 31, na wakati mwingine analaiza ya spektra inaonyesha mwiba mkubwa hata kama sijaingiza ishara yoyote. Mwenzangu mmoja anashauri tuongeze amplifaya nyingine nje ya friji. Mwingine anasema JPA yetu ni mbovu, tutafute ile ya wimbi linalosafiri (TWPA). Nifanye nini?"*

Pole, na kabla ya yote: usitupe kitu wala usinunue kitu. Takwimu ulizoleta zinatosha kuonyesha kwamba JPA yako haijafa. Inawezekana kabisa kwamba tatizo ni mkono wako kwenye kitufe cha pampu.

Unaniuliza kuhusu ukuzaji, lakini ukuzaji unao tele. Kinachokosekana ni utulivu. Amplifaya ya namna hii haipimwi kwa ishara imepanda kiasi gani, hupimwa kwa tofauti kati ya kupanda kwa ishara na kupanda kwa kelele. Kwako tofauti hiyo ni 28 kutoa 24, yaani dB 4. Hizo nne ndizo faida yako halisi. Nyingine zote ni debe tupu.

Ushauri wa kuongeza amplifaya nje ya friji uweke kando leo hii. Mtu akinong'ona karibu na injini ukamrekodi, ukiongeza sauti ya spika baadaye utasikia mnong'ono mkubwa na injini kubwa zaidi. Kinachoamua ni kifaa cha kwanza kinachopokea ishara. Kelele ya kifaa cha pili hugawanywa kwa ukuzaji wa cha kwanza, ya cha tatu hugawanywa kwa ukuzaji wa viwili vilivyotangulia, na kadhalika. Ishara ikishafika nje ya friji, mchezo umekwisha.

Tuhesabu sasa, kwa sababu hesabu hii ndiyo itakayokuonyesha ugonjwa ulipo. Fotoni moja ya GHz 6 ina nishati ndogo mno, ambayo ukiibadilisha kuwa halijoto ni kelvini 0.288. Hukutaja tabia za HEMT yako, kwa hiyo nachukua za kawaida: halijoto ya kelele kelvini 3, na upotevu wa dB 3 kwenye kebo na viunganishi kati ya chipu na HEMT. Upotevu wa dB 3 unakata ishara nusu, hivyo kwa macho ya chipu HEMT hiyo ina kelele ya kelvini 6. Gawanya kwa 0.288, unapata fotoni kama 21. Kwa upande wa ishara, ukiwa na wastani wa fotoni 10 ndani ya rezoneta yenye upana wa MHz 1, nguvu inayotoka ni karibu −126 dBm (0 dBm ni miliwati 1). Ndiyo maana ulikuwa ukichukua wastani mpaka usiku.

Sasa sheria ya asili. Amplifaya yoyote inayokuza ishara bila kujali fezi yake (hatua ambayo wimbi limefikia katika mzunguko wake) lazima iongeze kelele ya angalau nusu fotoni. Carlton Caves aliliweka jambo hili wazi mwaka 1982, na hakuna fundi atakayelikwepa. Ishara yenyewe huja na nusu fotoni nyingine, ile mitikisiko ya ombwe ambayo haizimiki hata kwenye sifuri halisi. Kwa hiyo JPA kamilifu inakupa jumla ya fotoni 1 ya kelele kwenye mlango wake.

Linganisha na yako. Pampu ikiwa imezimwa, kelele ilikuwa 21 za HEMT na nusu ya ombwe, yaani 21.5. Ulipowasha ilipanda dB 24, ambazo ni mara 251, ikawa kama 5,400. Toa 21 za HEMT, gawanya kwa ukuzaji wa dB 28 ambao ni mara 631: unabaki na fotoni 8.5 kwenye mlango wa JPA. Ilipaswa kuwa 1. Fotoni saba na nusu za ziada zimeingia kutoka mahali fulani, na kazi yetu ni kuutafuta mlango zilikopitia.

Ili uelewe milango yenyewe, itazame amplifaya kwa karibu. Kiungo cha Josephson ni vipande viwili vya superkondakta (metali isiyo na ukinzani wa umeme ikipozwa sana), mara nyingi alumini, vilivyotenganishwa na utando wa oksidi wenye unene wa nanomita moja au mbili. Brian Josephson alitabiri mwaka 1962 kwamba jozi za elektroni zingevuka utando huo bila volteji, na ndivyo ilivyo. Kinachotufaa sisi ni kwamba kiungo hiki hufanya kazi kama koili ambayo indaktansi yake hubadilika, na hakina ukinzani wa kuzalisha joto wala kelele. Kiungo chenye mkondo wa juu wa maikroampea 1 kina indaktansi ya nanohenri 0.33. Viungo viwili vikiunganishwa kuwa kitanzi vinakuwa SQUID, na indaktansi ya kitanzi unaiongoza kwa flaksi ya sumaku. Ukiweka SQUID mwishoni mwa rezoneta, umepata rezoneta ambayo masafa yake unayahamisha kwa koili.

Pampu yako inaitikisa flaksi hiyo mara bilioni 12 kwa sekunde. Kwa nini maradufu ya masafa ya ishara? Mwangalie mtoto aliyesimama juu ya bembea. Akifika ukingoni anachuchumaa, akipita katikati anasimama. Kila mzunguko mmoja wa bembea anasimama mara mbili. Hakuna anayemsukuma, lakini bembea inapanda. Jambo moja la kukumbuka: bembea iliyosimama tuli kabisa hataiamsha hivyo, anakuza tu mwendo ambao tayari upo. JPA nayo hivyohivyo, ila kwake hakuna utuli kabisa, kwa sababu ombwe lenyewe linatikisika.

Kwa lugha ya fotoni, kila fotoni ya pampu ya GHz 12.006 inapasuka kuwa mbili: moja ya ishara kwenye 6.000 na pacha wake kwenye 6.006. Ukifungua analaiza utamwona pacha huyo kama kioo cha ishara, ng'ambo ya pili ya 6.003. Ile nusu fotoni ya lazima inaingia kupitia kwake. (Ukipampu kwenye 12.000 kamili, ishara na pacha hulaliana, amplifaya ikaanza kuchagua fezi: upande mmoja unakuzwa bila kelele ya lazima, upande mwingine unafinywa. Ni silaha nzuri, lakini usiiguse kabla hujaitibu hii ya kawaida.)

Mlango wa kwanza ni huu. Bembea ikisukumwa kupita kiasi hupinduka, na JPA ikipampiwa kupita kiasi huanza kujiimbia yenyewe, kama kipaza sauti kilichosogezwa karibu na spika. Ukuzaji haupandi taratibu kuelekea ukingo huo. Unapanda kwa pupa. Kwa pampu ya flaksi, ukiwa kwenye dB 20 umebakiza karibu dB 0.9 za nguvu ya pampu kufika ukingoni, na pampu ikihama dB 0.1 ukuzaji unahama dB 1. Ukiwa kwenye dB 28 umebakiza dB 0.35 tu, na dB 0.1 hiyohiyo ya pampu inahamisha ukuzaji dB 3. Ndiyo 25, 28, 31 zako hizo! Jenereta iliyopashwa moto na jua la dirishani, au kebo iliyoguswa na mkono, inatosha kabisa kuhamisha dB 0.1. Na kila mara pampu inapochungulia ng'ambo ya ukingo, JPA inamwaga mlipuko wa fotoni ambao analaiza yako inauhesabu kama kelele.

Uchunguze ule mwiba unaotokea bila ishara. Mwiba huo ukikaa kwenye 6.003 kamili, nusu ya pampu, basi JPA imevuka ukingo, na dawa ni kushusha pampu. Ukikaa mahali pengine, au ukihama unapobadilisha mpangilio wa chipu, shuku mlango wa pili.

Mlango wa pili ni sakyuleta. JPA yako inafanya kazi kwa kuakisi: ishara inaingia na kutoka kwa tundu lilelile, na sakyuleta ndiyo inayotenganisha ya kwenda na ya kurudi. Lakini hakuna sakyuleta inayozuia yote. Ya kawaida huachia sehemu moja kwa mia, yaani kizuizi cha dB 20, na ikiwa pembeni ya masafa yake hata 18. Sehemu hiyo ya ishara iliyokwisha kukuzwa inarudi kwenye chipu, inagonga rezoneta, inaakisiwa, inaingia tena kwenye JPA. Hesabu yake ni ya kutoa tu. Ukuzaji dB 28, kizuizi cha hatua moja dB 18: mzunguko una dB 10 za ziada, na utajiimbia hata ufanyeje. Ukiwa na hatua mbili zenye jumla ya dB 36, mzunguko uko −8 dB. Haupigi mluzi, lakini ukuzaji unakuwa na mawimbi mawimbi ukiutazama kwenye VNA (kifaa kinachotuma ishara na kupima ukubwa na fezi ya inayorudi). Kwa dB 20 na kizuizi cha 36 uko −16 dB, na hapo unaweza kulala. Hesabu hatua zako kati ya chipu na JPA. Ikiwa ni moja, ongeza aisoleta (kifaa kinachopitisha ishara upande mmoja tu) friji itakapopashwa tena. Kati ya JPA na HEMT nako weka hatua mbili: HEMT hurudisha nyuma mnururisho wa kelvini 4, takriban fotoni 13, na hatua mbili zinaufanya usionekane kabisa.

Wa tatu ni waya wa pampu. Waya ukishuka kutoka nje bila vipunguza nguvu unaleta kelele ya joto la chumbani mpaka kwenye SQUID. Weka vipunguza nguvu vya dB 20 kwenye sahani (ngazi ya friji) ya kelvini 4 na dB 10 hadi 20 kwenye sahani ya chini kabisa, kisha tazama kipimajoto cha sahani hiyo pampu inapowaka. Milikelvini 20 haina neno. Ikipanda na kupita 50, pampu inapasha friji yako, na pengine inapasha hata chipu.

Sasa fanya hivi, kwa mpangilio huu. Zima pampu. Weka VNA kwa nguvu ndogo, ili kwenye mlango wa JPA ifike kati ya −140 na −130 dBm. Kama laini yako ya kuingilia ina upunguzaji wa jumla wa dB 75, hiyo ni −60 dBm kwenye tundu la VNA. Watu wengi hukosea hapa: wanapima kwa −30 dBm, JPA inaelemewa, ukuzaji unaonekana mdogo, wanapandisha pampu kufidia, halafu wanapoondoa ishara kubwa amplifaya inapiga mluzi. Zungusha mkondo wa koili polepole ukitazama fezi, si ukubwa wa mwakisiko. JPA nzuri isiyopampiwa haimezi ishara, kwa hiyo ukubwa hautakuonyesha kitu, wakati fezi inazunguka nyuzi 360 kila rezoneta inapopita. Chora mahali inapopita kwa kila thamani ya mkondo. Utapata tao linalojirudia. Chagua sehemu ambayo masafa yako yanakaa kwenye mteremko wa wastani. Kileleni pampu haina pa kushika, na kwenye mteremko mkali kila kelele ya sumaku inageuka kuwa mtetemo wa masafa.

Kisha washa pampu chini kabisa na uipandishe kwa hatua za dB 0.1. Simama kwenye dB 20. Najua mkono utakuwasha uendelee, usiendelee. Ukuzaji ukizidi, upana wa masafa nao unasinyaa: mzizi wa ukuzaji ukizidisha kwa upana hubaki palepale. Rezoneta ya JPA yenye upana wa MHz 100 inakupa MHz 10 kwa dB 20, lakini MHz 4 tu kwa dB 28. Na uwezo wa kubeba ishara unashuka pia, dB moja au zaidi kwa kila dB ya ukuzaji. JPA nyingi za kawaida huelemewa karibu na −120 dBm zikiwa kwenye dB 20. Ishara yako ya −126 inapita kwa nafasi ndogo. Kwa dB 28 haina nafasi tena.

Hakikisha kwa jaribio jepesi: shusha ishara dB 10 na uone kama tokeo linashuka dB 10 kamili. Likishuka 8, ulikuwa umeelemewa. Mwisho, ndipo pima kelele. Kwa HEMT niliyoichukulia na JPA safi, kwa dB 20 kelele inapaswa kupanda kama dB 7.5, na wewe kufaidi 12.5. Hiyo ni kama mara 18: vipimo 18,000 vinakuwa 1,000. Kelele isipopanda hata dB 2, maana yake ukuzaji bado haujaimeza HEMT. Ikipanda 12 au zaidi, fotoni za ziada bado zipo. Rudi kwenye mlango wa pili na wa tatu.

Ukiwa umetulia kwenye dB 20 na ukuzaji bado unahama kwa saa nzima, tuhuma ihamie kwenye sumaku. Sakyuleta zina sumaku ndani, na SQUID inahisi hata sehemu ndogo ya kwanta ya flaksi. JPA ikae ndani ya kinga mbili, ya metali inayovuta sumaku kwa nje na ya superkondakta kwa ndani. Koili ilishwe na chanzo tulivu cha mkondo chenye kichujio. Tazama pande mbili za ishara kwenye analaiza: vimwiba vya hezi 50 au 60, kutegemea umeme wa hapo, ni dalili ya mzunguko wa ardhi kati ya vifaa vyako. Na ikiwa tao lako la flaksi limehama ghafla kutoka wiki iliyopita, kuna flaksi iliyonaswa. Pasha sahani mpaka juu ya kelvini 1.2 kwa alumini, au 9.2 kama kuna niobiamu, huku mkondo wa koili ukiwa sifuri, kisha poza upya.

Kuhusu TWPA, mwenzako hasemi uongo, ila anajibu swali ambalo hukuuliza. Kifaa hicho ni mstari wa viungo vingi, zaidi ya 2,000 kwenye kile kilichochapishwa mwaka 2015 kwenye jarida la Science, na ishara inakuzwa inavyosafiri badala ya kurukaruka ndani ya rezoneta. Upana wake ni wa GHz kadhaa, na hubeba ishara hadi karibu −100 dBm. Ukiwa na kyubiti sita au nane za kusomwa kwa waya mmoja kwa wakati mmoja, itafute bila kusita. JPA itakuwa inakuonea. Lakini kwa rezoneta moja ya GHz 6 hutaiona tofauti, na kelele yake huwa juu kidogo kwa sababu nyenzo za kihami kwenye mstari mrefu hivyo humeza sehemu ya ishara. Aisoleta utazihitaji vilevile. Ipo pia njia ya kutofanya lolote: kama vipimo vyako ni vya spektra ya taratibu na huhitaji kuisoma kyubiti kwa mpigo mmoja, HEMT na subira vinatosha. Wengi hufunga JPA kwa ajili ya picha.

Yapo mambo ambayo maandishi hayatibu. Ukizungusha koili mwanzo mpaka mwisho na fezi isihame popote, huenda kiungo kimekufa kwa umeme tuli, na chipu inahitaji kutazamwa na aliyeitengeneza. Usijaribu kukipima kwa mita ya kawaida ya mkononi: mkondo na volteji yake vinatosha kukichoma. Ukitaka kuandika kwenye ripoti kwamba umefika kiasi fulani cha fotoni, hesabu ya HEMT ya kukadiria kama yangu haitoshi. Unahitaji mzigo wa omu 50 unaopashwa kutoka milikelvini 20 hadi kelvini 1 hivi, na kwa mara ya kwanza ufanye na mtu aliyekwishafanya. Na ikiwa kupanda kwa halijoto ya sahani kunaendelea hata pampu ikiwa imezimwa, hapo si suala la amplifaya tena. Mwite fundi wa friji kabla hujagusa vali yoyote ya heli.

Nianzie wapi, utauliza. Shusha pampu hadi dB 20 sasa hivi, bila kufungua friji, na upime kelele upya. Ikija na 7 au 8, aisoleta zisubiri mpaka siku ya kupasha.